Mahindi Yamesimama Lakini Hayajabeba

Haya ni maneno niliyosema kwa ibada ya saa ya lanchi hapa Kisumu mjini. Wengi mliomba rekodi lakini sauti kwa ile simu ni honi za matatu na boda tupu, kwa hivyo nimeona niandike tu vile nilisema, na maswali mawili ya mwisho nimeyaweka pia.

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Asante mama mwenyekiti kwa kunikaribisha, na nyinyi wapendwa mliotoroka ofisini, na wenye maduka mliowaachia majirani wawaangalilie, najua hamjakula na saa nane mnatakiwa mrudi, sitawaweka sana. Wengi hamnijui. Mimi sio pasta, ni mzee wa kanisa tu huko Luanda, Vihiga, na kazi yangu ya kila siku ni agrovet, nauza mbegu, mbolea na dawa ya ng'ombe. Kwa hivyo mkisikia nimeingiza shamba kwa mahubiri msishangae, hayo ndio mambo ninashinda nayo.

Neno letu ni Marko 4:19. Yesu anawaeleza wanafunzi ule mfano wa mpanzi, amefika kwa zile mbegu zilizoanguka penye miiba, anasema "na shughuli za dunia, na udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine zikiingia, hulisonga lile neno, likawa halizai."

Sasa angalieni. Kuna udongo wa aina nne pale na huu wa tatu ndio unanitisha kuliko wote. Mbegu ya njiani ililiwa na ndege, imeisha, kila mtu anaona hakuna kitu. Ya penye mawe iliungua na jua, hata hiyo inaonekana. Lakini hii ya miiba haijafa. Imemea, imesimama, iko kijani, ukipita kwa barabara ndani ya matatu unasema shamba la huyu jamaa liko sawa kabisa. Shida ni moja tu, haijabeba. Mtu wa udongo wa tatu ako kanisani Jumapili, ako kwa kwaya, ana cheo, zaka anatuma kwa M-Pesa, Biblia iko kwa simu tafsiri tano, lakini ukimwuliza ni lini mara ya mwisho neno lilimchoma moyo anaanza kuhesabu kurudi nyuma mpaka anafika kwa kongamano la ujana wake, wakati bado alikuwa na nywele. Mnacheka, na mimi sina nywele.

Na muone Yesu hajasema watu hawa ni wabaya. Hajataja wachawi, hajataja majambazi. Ametaja shughuli. Karo, kodi ya nyumba, mgonjwa amelazwa, bosi amesema anapunguza watu, mtoto amemaliza shule na yuko tu nyumbani. Vitu ambavyo hata ukiniletea kwa maombi siwezi kukukemea, nitakushika mkono tuombe. Hivyo ndivyo vinasonga neno.

Nyinyi mliokulia Siaya, Busia, Vihiga, Homa Bay, kayongo mnaijua. Kwetu tunaita oluyongo. Ni gugu fupi, maua yake ni ya zambarau inayoelekea pinki, mtu wa mjini akiona shamba limejaa hayo maua anapiga picha anaweka stetas. Mkulima akiyaona anashika kichwa. Mmea mmoja tu unaangusha mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala kwa udongo zaidi ya miaka 10 zikingoja. Haziamki ovyo. Mzizi wa mahindi ukikua unatoa kemikali fulani kwa udongo, mbegu ya kayongo ikiisikia hiyo ndio inaamka, inatoa kamzizi, inajishikilia kwa mzizi wa mahindi, inaanza kunyonya. Maji inakunywa yeye, chakula inakula yeye, mahindi yanabaki kusimama tu.

Kuna mama alikuja dukani na bua zima la mahindi amelibeba ndani ya ndoo na udongo wake. Akaniambia, daktari (sisi wa agrovet wote tunaitwa daktari, hata kama hukumaliza shule), daktari, mvua imenyesha vizuri, mbolea nimeweka, na haya mahindi yamenyauka kama ni kiangazi, kuna mtu ameniangalilia shamba na jicho mbaya. Nikamwambia mama hebu tuweke maji kwa hiyo ndoo. Tukaosha ule udongo pole pole na vidole mpaka mizizi ikabaki wazi, na pale kwa mizizi kulikuwa na vichipukizi vyeupe vidogo vidogo vimejishika, vingine bado ni kama uzi. Akashangaa sana, akasema lakini shambani kwangu hakuna ua hata moja la kayongo. Na ni kweli halikuwa. Lilikuwa bado halijatoka juu, na sehemu kubwa ya madhara ilikuwa imeshafanyika. Hiyo ndio tabia yake, ikichomoza juu ukaanza kuling'oa kwa hasira, mahindi yalishaumia kitambo.

Ndio maana leo sikuja kuwaambia mambo ya watu walioanguka dhambini mkasikia kwa redio. Hayo ni maua, yametoka juu tayari. Mimi nauliza chini kuko aje.

Kwa sababu mimi sijaona watu wengi huku kwetu wakimwacha Yesu kwa sababu walisoma kitabu cha falsafa kikawashinda. Wako wachache, vijana wa chuo, wanakuja na maswali magumu na tunakaa nao, na kusema ukweli hao nawapenda, bado wanajali kama ni kweli au si kweli. Wengi hawana swali lolote. Ukiwauliza kama Yesu ni Bwana watakujibu ndio na Amina juu. Ni vile tu ile saa ambayo mzizi ulikuwa unakunywa maji kuna kitu kingine kimejishika hapo kinakunywa.

Chukua asubuhi ya mtu wa kawaida. Alamu ya simu inalia saa kumi na moja. Mkono unatoka kwa blanketi kuizima, na kwa sababu simu iko mkononi tayari, jicho linaangukia kwa ujumbe wa chama, fulani hajatoa pesa ya mwezi na watu wametukanana usiku kucha, anasoma zote, kisha kuna ujumbe wa deni la simu unasema leo ndio siku ya mwisho, kisha shemeji ametuma "niko na shida kidogo", kisha video moja, kisha ingine. Akiinua kichwa ni saa kumi na mbili kasoro, maji hayajachemka, mtoto anatafuta soksi. Hajakataa kuomba, hakuamua asiombe. Ukimsimamisha mlangoni umwulize ataapa kwamba yeye ni mtu wa maombi. Na kesho ni hivyo hivyo. Na mke wake au bwana yake haoni tofauti yoyote, pasta haoni, hata yeye mwenyewe haoni, mpaka siku kitu kikubwa kinampata anaenda kuchota na anakuta chini ni pakavu.

Sasa mtu asinielewe vibaya. Mimi sio wa wale wanaosema usiwe na wasiwasi, amini tu, kisha wanaingia kwa gari wanaenda. Karo ni kitu cha ukweli. Ukienda na mtoto shuleni bila pesa atarudishwa nyumbani, na imani yako haitabadilisha basa, yule wa kupokea karo, awe mwimbaji wa sifa. Yesu mwenyewe akisema "msisumbukie maisha yenu" kwa Mathayo 6, anaongeza kwa mstari wa 32 kwamba Baba yenu wa mbinguni anajua ya kuwa mnahitaji hayo yote. Hajasema hamhitaji. Amesema anajua. Na Paulo akiandika "msijisumbue kwa neno lolote" kule Wafilipi 4 hakuwa kwa hoteli hapo Milimani anakunywa chai, alikuwa kifungoni, hajui kama atatoka ama atauawa. Na huyo huyo Paulo kwa 2 Wakorintho 11 anasema wazi kuna mzigo unamjia kila siku, maangalizi ya makanisa yote. Kwa hivyo kuwa na mzigo ni kitu kimoja na kusongwa ni kitu kingine, tofauti ni mzigo unaupeleka wapi. Kwa Wafilipi anaendelea, haja zenu na zijulikane na Mungu. Yaani utaje. Useme Mungu ni elfu kumi na nane imebaki, na kufungua shule ni Jumatatu. Watu wengi wanamwambia landilodi hesabu yao vizuri kuliko wanavyomwambia Mungu.

Na hapa wacha niseme kitu hata kama mtu atakasirika. Kuna wahubiri wamejua Wakristo wako na hofu na wamefanya hiyo hofu iwe biashara. Panda mbegu ya elfu mbili karo italipwa, panda ya elfu tano viza itatoka. Unaingia na wasiwasi, unatoka na wasiwasi na nauli haiko. Mimi ni muuzaji wa mbegu, nawaambia hiyo sio mbegu.

Haya, udanganyifu wa mali. Tulikuwa tunafikiri hii ni ya matajiri, tajiri na ngamia na tundu la sindano, sisi wa chini tumepona. Lakini ukienda steji ya boda hapo Kondele saa nne asubuhi wakati wateja wamepungua, angalia vijana wetu, vichwa vimeinama kwa simu kama watu wanaosali, na ni kubeti. Ka-ndege kanapanda kwa skrini, namba zinapanda nayo, mtu ameweka mia mbili ya mafuta, anangoja kidogo, anangoja tena, ndege inaenda. Ile mia mbili imeenda. Huyo kijana hana mali hata kidogo na mali imemdanganya kumaliza. Pesa ambayo huna inaweza kutawala moyo wako kuliko pesa ambayo tajiri anayo, kwa sababu tajiri angalau ameshagundua haitoshi. Na usidhani ni vijana peke yao, nimeona mzee kwa matanga, padri anasoma sala ya kuzika, kofia iko mapajani na simu iko ndani ya kofia.

Na mikopo ya simu. M-Pesa ilianza 2007 na mimi nashukuru Mungu kwa hiyo kitu, wateja wangu wa kule vijijini wananilipa wakiwa nyumbani. Lakini siku hizi deni linalala na wewe kitandani. Zamani mwenye kukudai alikuwa lazima avae viatu aje kwako, ungemwona kwa njia ukajipanga. Sahii anakutumia ujumbe katikati ya mahubiri. Ukikopa hapa ulipe pale, mwezi mzima akili yako inapiga hesabu, na kichwa chenye kinapiga hesabu usiku na mchana hakina nafasi ya Zaburi. Kama uko kwa hiyo shimo, usiibebe kimya, kuna watu hapa wanaweza kukaa na wewe na karatasi na kalamu, sio kukuhukumu.

Tamaa za mambo mengine nitapita haraka. Mpira, Gor Mahia wakikutana na Ingwe, yaani AFC Leopards, kuna wapendwa hapa watavunja ushirika, na Arsenal ikifungwa Jumamosi Jumapili kwaya inakosa besi. Siasa, uchaguzi wa 2027 unakuja na mmeona waheshimiwa wameanza kupenda ibada ghafla, usikubali mtu akukosanishe na ndugu yako mnayeshiriki naye meza ya Bwana halafu yeye huko Nairobi wanakula pamoja. TikTok mnajua wenyewe. Tuendelee.

Kuna moja nataka tukae nayo kwa sababu iko karibu na sisi wenye tunakaa viti vya mbele. Martha, Luka 10. Bethania, Yesu amefika nyumbani, Mariamu amekaa miguuni pake anasikiliza, na Martha ako jikoni. Jamani tumemwonea Martha miaka mingi. Mwanamke yeyote wa huku akisikia mgeni amefika na wanafunzi wake 12 nyuma hawezi kukaa chini kusikiliza, kuku ni nani atamkamata? Ugali ni nani atasonga? Martha alikuwa anamfanyia kazi Yesu. Sio dunia, sio anasa, ni Yesu mwenyewe ndio alikuwa anapikiwa. Na hapo ndipo shida ilipomwingilia. Alifika mahali akatoka jikoni akaanza kumpa Bwana amri, mwambie huyu dada yangu anisaidie. Na Yesu anamwita mara mbili, Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi.

Sasa tukuje kwetu. Kamati ya ujenzi, kamati ya harambee, sare za kwaya, kitenge cha akina mama ni ya rangi gani, mgeni wa heshima ni nani, tenti na viti, ni nani atachukua pasta stejini. Nimekaa kwa mikutano ya kanisa imeanza saa tatu asubuhi imeisha saa kumi jioni na sala ilikuwa ile ya kufungua na ile ya kufunga, na ya kufunga mtu amesema "tufupishe". Tunaweza kuchoka kabisa ndani ya nyumba ya Mungu na hatujamwona Mungu. Na hii ni ngumu kuigundua juu kila mtu anakusifu, ati mama fulani ni mtumishi kweli, hapumziki. Hapumziki ndio shida yenyewe mwenzangu.

Lakini msimwache Martha hapo kwa Luka 10, wahubiri wengi wanamwacha hapo. Endeni Yohana 11, ndugu yake Lazaro amekufa, ana siku nne kaburini, na ni Martha ndiye anatoka kwenda kumpokea Yesu njiani, Mariamu amebaki ameketi nyumbani. Na ni Martha anasema nimesadiki ya kwamba wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu. Mwanamke wa jikoni! Halafu Yohana 12, wamemwandalia Yesu karamu huko huko Bethania, na mstari wa pili unasema "naye Martha akatumikia." Bado anapika. Hakufutwa jikoni. Mariamu anamwaga marhamu ya thamani kwa miguu ya Yesu, na safari hii wa kulalamika ni Yuda. Martha hana neno. Kazi ni ile ile, sufuria ni zile zile, lakini ile kitu ilikuwa imemshika kwa mzizi haiko tena.

Upande wa pili kuna Dema. Huyu anatajwa mara tatu tu kwa Biblia nzima. Filemoni mstari wa 24, Paulo anamwita mtenda kazi pamoja naye, amepangwa na Marko na Luka. Wakolosai 4:14, Luka yule tabibu mpendwa anawasalimu, na Dema. Jina tu, hajaongezewa kitu. Halafu 2 Timotheo 4:10, Dema aliniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa, akasafiri kwenda Thesalonike. Hatuambiwi Dema alifanya kitu gani kule Thesalonike. Labda alipata kazi. Labda alioa, labda alifungua duka. Hatujui kama alikana imani, neno halisemi, tunajua tu aliupenda huu wa sasa na Paulo akabaki kifungoni na Luka peke yake. Mimi nikisoma hizo barua tatu najiuliza, wakati anatuma salamu kwa Wakolosai, kuna mtu hapo chumbani alikuwa anaona kitu? Paulo mwenyewe alikuwa anaona? Kwa juu ilikuwa kijani.

Sasa dawa. Wateja wangu wanataka dawa ya chupa, unapiga jioni asubuhi imeisha. Kwa kayongo kung'oa peke yake hakutoshi, umechelewa na mbegu ziko chini za miaka. Kule Mbita, Homa Bay, kwa kituo cha ICIPE, wale wa kutafiti wadudu, watafiti walileta njia inaitwa vuta-sukuma, ikaanza kuwafikia wakulima miaka ya 1990. Mkulima anapanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu inafukuza nondo wa yule kiwavi anayetoboa bua, na nepia inamvuta nondo huko pembeni aende atage mayai huko. Lakini kwa kayongo maajabu iko kwa mizizi ya desmodiamu. Inatoa kemikali inayoamsha ile mbegu ya kayongo, na ingine inayoizuia isijishike kwa mzizi wa mahindi. Imeamka, imekosa pa kunyonya, inakufa huko huko chini. Msimu kwa msimu zinapungua. Na desmodiamu hiyo hiyo ng'ombe anakula, na udongo unapata rutuba.

Nawaeleza hii kwa sababu Wakristo wengi dawa yao ni kung'oa tu. Januari tunafunga siku 21, tunafuta TikTok, tunatoka kwa magrupu ya WhatsApp, kufika Machi tumerudi na bando kubwa zaidi. Yesu alisema kwa Mathayo 12 juu ya ile nyumba iliyofagiwa na kupambwa, pepo akarudi na wengine saba, kwa sababu ilikuwa safi na ilikuwa tupu. Swali ni umepanda nini katikati ya mistari.

Danieli hakuwa mtawa wa milimani. Danieli 6, mfalme Dario ameweka maliwali 120 na wakuu watatu juu yao, Danieli ni mmoja wa hao watatu, kila hesabu inakuja kwa meza yake. Hebu fikiria simu za huyo mtu. Na mstari wa 10 unasema alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yamefunguliwa kuelekea Yerusalemu, "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo." Hilo la mwisho ndio nataka mshike. Sheria ya simba ilipotoka, ile ya kumtupa kwa simba mtu yeyote atakayeomba kwa mwingine isipokuwa mfalme, Danieli hakuanza kuomba siku hiyo, ratiba ilikuwa iko tayari kitambo. Wewe kama mara tatu ni nyingi anza na moja, lakini iwe na saa yake na mahali pake, na simu ilale chumba kingine. Nunueni saa ya ukutani yenye alamu, haizidi bei ya bando ya mwezi. Kuna jamaa aliniambia yeye anaombea ndani ya lori yake kabla hajaliwasha, funguo haiingii mpaka amemaliza, na turnboy, yaani utingo wake, amezoea kungoja nje.

Kingine ni watu wa kukuuliza. Ule uamsho uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki mpaka huku kwetu, wazee wetu wenye waliokoka enzi hizo walikuwa na kitu sisi tumepoteza. Walikuwa wanakutana vikundi vidogo na kila mtu anasema hali yake kweli kweli, nimemkasirikia bibi, nimeficha pesa, moyo wangu umepoa. Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Wakati mwingine walizidisha, kuna mzee angekuuliza hata kuhusu mkufu wako. Lakini Dema angekaa miezi sita kwa kikundi kama hicho bila kujulikana? Sisi leo ukimwuliza mtu uko aje anakujibu "tuko sawa, Mungu ni mwema", na anakujibu hivyo akiwa na barua ya mnada kwa mfuko.

Na kutoa. Sio kutoa ili upate. Mtu ambaye pesa imemshika, njia ya kuilegeza mkono ni kumpa mwenye hawezi kukurudishia, na usiweke kwa stetas.

Nimemaliza yangu. Mama mwenyekiti alisema kuna dakika kidogo za maswali, na ndio hizi.

Ndugu mmoja wa ofisi za kaunti aliuliza, sasa mzee, nitajuaje hapa ni kuwajibika na hapa ni kusumbuka? Mimi ni baba wa watoto wanne, siwezi nisifikirie. Nikamwambia ni kweli, baba asiyefikiria karo ni baba mbaya. Lakini Yesu alisema yatosha kwa siku maovu yake, na wale Waisraeli jangwani waliokota mana ya siku, waliobakisha mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Leo kuna kitu unaweza kufanya juu ya karo? Kama ni kwenda kwa basa wa shule kuomba muda, nenda, hiyo ni kazi. Kama umeenda, umefanya, na saa tisa usiku unaangalia dari ukifanya tena ile safari kichwani, sasa mpendwa hapo hakuna karo inayolipwa. Amka upige magoti ama ulale. Akacheka akasema kupiga magoti saa tisa ni rahisi kusema, nikamwambia basi lala.

Halafu dada anayeuza mitumba pale Kibuye akasimama, na swali lake naliona ndio lilikuwa gumu kuliko yote. Akasema mzee, Kibuye siku kubwa ni Jumapili. Watu wanatoka kila mahali kuja kununua Jumapili. Nikifunga nikaenda kanisani mchana mzima wiki yote watoto wanakula nini, na nikikaa sokoni hiyo ndio kayongo unasema. Watu wakanyamaza wakaniangalia. Nikamwambia dada mimi sitakuambia ufunge, si mimi nitalisha hao watoto, na pia sitakuambia ni sawa tu usiende mwaka mzima. Nikamwuliza kanisa lenu halina ibada ya saa moja asubuhi? Akasema iko, lakini saa moja ndio ananing'iniza nguo. Nikamwuliza jirani yako wa kibanda ni nani. Akasema ni mama mmoja wa kanisa lingine, ana shida hiyo hiyo. Hapo mama mwenyekiti akaingilia akamwambia si mpokezane, Jumapili hii wewe uende ya saa moja yeye akuning'inizie, wiki ingine yeye aende wewe umwangalilie. Dada akafikiria, akasema huyo mama kwa bei ni mwepesi sana wa kupunguza, atamwuzia jaketi zake hasara. Tukacheka wote. Akasema lakini atamwuliza. Nikamwambia akimaliza kumwuliza aniwekee jaketi moja ya mvua saizi kubwa, kwa sababu huko Luanda hii wiki kunanyesha, tukaomba, na watu wakatoka mbio kurudi kazini.